Ukitoka kwenye skrepa, badili nguo kabla ya kumbeba mtoto

Ukishuka kutoka Mbeya mjini kuelekea Tunduma, Mbalizi inakupokea kwa gereji, maduka ya vipuri, bodaboda na malori yaliyoegeshwa kando ya barabara. Penye magari mengi hapakosi vitu vilivyokufa. Injini iliyogoma, rejeta iliyotoboka, televisheni ya chogo ambayo hakuna fundi anayetaka kuihangaikia tena, betri ya sola iliyoteremshwa kutoka vijiji vya Umalila baada ya kuchoka, vyote hivyo safari yao huishia kwenye mizani ya mnunuzi wa skrepa.

Kila kitu hapo kina bei yake. Chuma cha kawaida hulipwa kidogo, alumini hupanda, na shaba, ambayo vijana wengi huiita kopa, ndiyo inayofanya mtu arudi nyumbani na unga, sukari na akiba kidogo. Pengine wewe msomaji ni mmoja wa wanaoishi kwa mizani hiyo, au mumeo anaishi kwayo, au mwanao wa darasa la tano huokota nyaya akitoka shule ili apate hela ya daftari.

Makala ya leo haikuambii uache. Skrepa imelipa ada na kodi za nyumba nyingi, na chuma kinachoyeyushwa upya ni chuma ambacho hakikulazimika kuchimbwa ardhini. Ninachotaka tuzungumze ni kitu kimoja ambacho mizani haikipimi na ambacho mfanyakazi hubeba kila jioni bila kulipwa, yaani vumbi. Na ndani ya vumbi hilo, zaidi ya yote, madini ya risasi.

Nasema madini ya risasi, yale mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri. Kwa mtu mzima ni sumu ya polepole. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita ni sumu inayomwibia akili kabla hajajifunza kuhesabu.

Betri moja kwenye jiko la mkaa

Chukua betri ya gari au ile betri nzito ya sola. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa takribani asilimia 85 ya risasi yote inayotumika duniani huenda kwenye betri za namna hii. Kwa hiyo mtu anapoipasua betri kwa shoka, akamwaga maji yake mferejini na kuchomoa sahani zilizomo ndani, ameufungua mzigo mkubwa wa sumu kuliko kitu kingine chochote kinachopita mtaani kwake.

Tatizo la risasi ni wepesi wake wa kuyeyuka. Shaba inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,080 za Selsiasi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa lenye kupulizwa vizuri hulifikia. Ndiyo maana mtu anaweza kuiyeyusha uani, kwenye sufuria kuukuu, huku watoto wakicheza mita chache pembeni. Akifanya hivyo, moshi usioonekana vizuri hupanda, hupoa, kisha hushuka kama vumbi laini sana. Hushukia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo ya maji, kwenye udongo ambao kuku wanachakura na mtoto anatambaa. Halina harufu, na mvua hailiondoi. Risasi haiozi kama ganda la ndizi. Ikishaingia kwenye udongo wa uani hubaki pale kwa miaka mingi.

Hapa kwetu nyanda za juu kuna jambo jingine. Mwezi Juni na Julai baridi ikikaza, watu hufunga milango na kazi za moto huhamia ndani au kwenye kibanda kisicho na dirisha. Kuota moto ni jambo la kawaida. Lakini kuota moto uliochochewa kwa maganda ya nyaya, mbao zilizopakwa rangi ya zamani au maboksi ya betri ni kuvuta sumu kwa mapafu yako yote mawili.

Si lazima nyumba yako iwe karibu na mahali pa kuyeyushia. Vumbi husafiri na mtu. Hukaa kwenye nywele, kwenye mikunjo ya suruali, kwenye nyayo za viatu, kwenye kiti cha pikipiki, hata kwenye simu ambayo mtoto huinyakua baba akifika tu ili aangalie katuni. Baba anaingia, mtoto anakimbia kumkumbatia, anaweka uso kwenye shati. Baadaye anaweka vidole mdomoni. Basi, imetosha.

Kwa nini mtoto na si mimi?

Swali hili wazazi wengi huliuliza, na ni swali zuri. "Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi, mbona sijafa?"

Jibu liko kwenye tumbo na kwenye ubongo. Kwa kiasi kilekile cha risasi kilichomezwa, WHO inasema mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Mwili wake unajenga mifupa na damu kwa kasi, unatafuta kalisi na madini ya chuma kila mahali, na risasi hujifanya kama kalisi na kupita mlango uleule. Mtoto mwenye upungufu wa damu au anayeshinda bila kula huifyonza zaidi. Tena ubongo wake bado unaunganisha nyaya zake, na risasi huingilia kazi hiyo. Kinachoharibika hapo hakirudi.

Kwa mjamzito risasi huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Zaidi ya hapo, risasi iliyoingia mwilini miaka ya nyuma hujificha kwenye mifupa, na wakati wa ujauzito mifupa inapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto, risasi hutoka pamoja nayo. Kwa hiyo binti aliyekulia kwenye uwanja wa skrepa anaweza kumrithisha mwanawe sumu ambayo hakumbuki hata aliipata lini. Na kwa kina mama wanaokula udongo wakati wa ujauzito, naomba niseme waziwazi: udongo wowote ni hatari, lakini uliochotwa karibu na gereji au uwanja wa skrepa ni hatari mara mbili.

Yaliyotokea kwa wengine

Kuna mahali ambapo haya yalitokea mchana kweupe, na yanatufundisha.

Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wamevunja betri kwa miaka mingi hadi mchanga wao ukajaa risasi. Bei ya risasi ilipopanda, wanawake walianza kuuchimba mchanga huo, wakauchekecha na kuuza vipande vilivyobaki. Wengine waliubeba hadi nyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Kina mama wale walikuwa wanatafuta chakula cha watoto haohao.

Karibu zaidi nasi ni Owino Uhuru, Mombasa, mtaa wenye wakazi wapatao 3,000. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichopakana na nyumba za watu ukuta kwa ukuta. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa hapo. Baada ya miezi michache mwanawe mchanga akaugua. Madaktari walitafuta malaria, wakatafuta taifodi, hali haikubadilika. Ni hadi damu ya mtoto ilipopimwa risasi ndipo ugonjwa ulipojulikana. Mama yule aliacha kazi na kuanza kupigania mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, ikazunguka, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikarudi upande wa wakazi. Miaka yote hiyo, na kila mtoto aliyekuwa anatambaa wakati kiwanda kinafuka moshi sasa ni kijana.

Na kwa ninyi mnaoona malori ya Zambia yakipita Mbalizi kila siku: barabara hiyohiyo, ukivuka Tunduma na kuifuata hadi kupita Kapiri Mposhi, itakufikisha Kabwe. Mgodi wa risasi wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994. Hadi leo watoto wanaozaliwa kwenye mitaa iliyo jirani nao hukutwa na risasi nyingi kwenye damu, kwa sababu ya vumbi lililoachwa.

Dalili zinazojifanya malaria

Tatizo kubwa la risasi ni kwamba haina sura yake. Mtoto hulalamika tumbo. Hukosa choo siku kadhaa. Hukataa chakula, hupauka, hukonda, huwa mkali bila sababu au hukaa kimya kuliko kawaida. Aliyekuwa ameanza kusema maneno anayasahau. Mwalimu anasema hasikilizi darasani, na nyumbani anachapwa kwa utundu ambao si wake.

Dalili zote hizo zina majina mengine mengi ya kawaida: minyoo, malaria, upungufu wa damu. Na mara nyingi kweli ni minyoo au malaria. Ndiyo maana mtaalamu hawezi kufikiria risasi kama hujamwambia kazi ya nyumbani kwako. Watoto wengine hawaonyeshi dalili yoyote huku risasi ikiendelea kuwapunguzia uwezo wa kujifunza.

Ila ukiona mtoto ametapika mfululizo, amelegea, anayumba akitembea, haamki vizuri au amepata degedege, hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi, usipitie kwa mganga. Degedege huwa na sababu nyingi na zote zinahitaji hospitali. Mbalizi mnayo Hospitali ya Ifisi, na rufaa ikihitajika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya haiko mbali.

Kipimo na tiba

Kipimo cha uhakika ni damu ya mshipani inayopelekwa kwenye maabara yenye mashine ya kupima metali. Si kile cha kutoboa kidole ulichokizoea cha malaria, na hutakikuta kwenye kila kituo cha afya. Daktari ndiye ataamua kama kinahitajika na sampuli iende wapi. Mikono ioshwe vizuri kwa sabuni kabla ya kutolewa damu, kwa sababu vumbi lililo kwenye ngozi linaweza kuharibu jibu.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unasema mtu yeyote mwenye kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu atafutiwe chanzo, na hatua zichukuliwe kukiondoa. Usielewe vibaya: chini ya 5 haina maana ya salama. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) pamoja na taasisi ya Pure Earth walikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, wana kiwango hicho au zaidi.

Mtoto akifika 45, kuna dawa maalumu zinazoikamata risasi kwenye damu na kuitoa kupitia mkojo. Hutolewa na daktari, kwa uangalizi. Lakini dawa hizo hazirudishi akili iliyokwisha kupotea, na mtoto akirudishwa kwenye ua uleule wenye vumbi lilelile, kiwango hupanda tena. Tiba ya kwanza ni kukiondoa chanzo. Nalirudia hili kwa sababu mzazi hupenda sana kupewa chupa ya dawa aondoke nayo.

Je, maziwa? Wengi waliofanya kazi za rangi, betri na kuchomelea wameambiwa wanywe maziwa jioni "yaondoe sumu". Hayaondoi. Kalisi iliyomo kwenye maziwa husaidia tumbo lisifyonze risasi nyingi, na hilo ni jambo jema, lakini risasi ikishaingia mwilini glasi ya maziwa haiitoi. Mfanyakazi anayekunywa maziwa kisha akalala na nguo za kazi karibu na mtoto hajamlinda yeyote. Dawa za kienyeji za "kusafisha damu" nazo ziache. Baadhi ya dawa za namna hiyo duniani zimekutwa zenyewe zina risasi.

Kinachosaidia kwenye chakula ni cha kawaida na kipo sokoni Mbalizi: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, mboga za majani, maziwa, na tunda kama chungwa au pera ili madini ya chuma yaingie vizuri. Mtoto asitoke asubuhi na tumbo tupu. Hata uji tu.

Na kama unanyonyesha na unafanya kazi ya skrepa, usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu baada ya kusoma gazeti. Kwa walio wengi, faida ya maziwa ya mama ni kubwa kuliko hatari. Nenda ukapimwe, daktari akuongoze.

Mambo ya kufanya jioni hii

La kwanza na gumu kuliko yote: betri isipasuliwe nyumbani. Wala isiyeyushwe nyumbani. Iuze nzima, na maji yake ndani, kwa mnunuzi mwenye kibali. Ndiyo, aliyeipasua hupata bei nzuri zaidi kwa kilo ya risasi safi. Hiyo tofauti ya bei, ukiifikiria vizuri, analipia mtoto.

La pili ni nguo. Tenga pea moja ya kazi. Ivue kabla ya kuingia ndani, iweke kwenye mfuko au ndoo yenye mfuniko, oga hadi nywele, vaa nguo nyingine, ndipo umchukue mtoto. Nguo za kazi zifuliwe kwenye beseni lake, peke yake, na maji yake yasimwagwe kwenye bustani ya mboga. Mkeo asizikung'ute kwa mkono. Kuzikung'uta ndiko kunakorusha vumbi. Viatu vikae nje. Wako watakaosema hili linaonekana kama kumtenga baba mlangoni kwake mwenyewe. Akielezwa sababu, hakuna baba anayekataa.

Ndani ya nyumba, fagio kavu linaamsha vumbi na kulirudisha kwenye mto wa mtoto. Nyunyiza maji kwanza, au piga deki kwa kitambaa kilicholowa. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, kucha ziwe fupi. Watoto wasicheze na wala wasilale kwenye viroba vya skrepa, hata kama chumba ni kimoja na hakuna pengine pa kuviweka. Kama hapana budi, viwekwe nje chini ya bati, mbali na maji ya kunywa.

Kazini usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Kitambaa ulichojifunga puani huzuia uvundo kidogo lakini hakizuii moshi wa risasi.

Nyaya, masufuria na mayai

Kuhusu nyaya nitasema kwa ufupi. Usizichome ili upate kopa. Plastiki ya nyaya ikichomwa hutoa gesi inayochoma koo na kifua, na pia sumu zinazoitwa dioksini, ambazo huhusishwa na saratani. Mtoto mwenye pumu akikaa kwenye moshi huo anaweza kuishia kwenye oksijeni. Menya kwa kisu. Inachukua muda, najua, lakini shaba isiyoungua huwa na thamani nzuri kuliko iliyochomwa.

Agbogbloshie, jijini Accra nchini Ghana, ni mahali palipojulikana duniani kwa kuchoma nyaya. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakichakura pale. Walikuta kwamba mtu mzima akila yai moja tu angepata dioksini mara 220 ya kiwango cha siku kinachovumilika kwa vigezo vya Ulaya. Kuku wako wakichakura kwenye majivu ya nyaya, yai unalompa mtoto ili apate nguvu linabeba majivu hayo.

Kuna na masufuria. Yale mazito ya kusubu, yanayotengenezwa mitaani kwa kuyeyusha alumini ya kila aina, vipande vya injini vikiwemo, ni imara na bei yake ni rafiki. Lakini anayesubu hana njia ya kujua kilichoyeyuka ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo, na karibu theluthi moja vilitoa risasi ya kutisha kwenye kimiminika chenye uchachu mithili ya chakula. Sisemi utupe sufuria leo. Ila vyakula vyenye uchachu, kama vya nyanya nyingi, ndimu au ukwaju, usivipikie humo kwa muda mrefu, usivilaze humo, na chakula cha mtoto mchanga kipikie chombo kingine.

Wako pia vijana wanaotafuta dhahabu kwenye saketi za simu na kompyuta kwa kutumia tindikali na zebaki. Chunya si mbali, na ujuzi wa zebaki unatembea. Dhahabu iliyomo kwenye simu moja ni kidogo mno, wakati mvuke wa zebaki ndani ya chumba unatosha kumletea mtu mzima mtetemeko wa mikono na kumharibu mtoto figo na ubongo. Hapa sina ushauri wa kupunguza madhara. Usifanye nyumbani.

Mtoto anayeokota

Narudi kwa yule wa darasa la tano. Novemba 2017 wilayani Ngara, mkoani Kagera, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga aliokota kitu cha chuma akakipeleka shuleni, akitarajia kukiuza kama skrepa. Lilikuwa bomu la kutupwa kwa mkono. Wanafunzi watano walikufa na makumi ya wenzao walijeruhiwa. Ngara imepakana na nchi zilizopitia vita, ndiyo, lakini mtoto wa Mbalizi naye hajui tofauti kati ya chuma na kitu kinacholipuka, iwe ni mtungi wa gesi, airbegi ya gari au kompresa ya friji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kutumikishwa kazi hatarishi. Mnunuzi anayempimia mtoto mzigo anajua hilo, na wewe unaweza kumkumbusha.

Ajali nyingine mbili za nyumbani. Maji ya betri ni tindikali. Watu huyaweka kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na mtoto mwenye kiu hanusi kwanza. Akinywa, msuuze mdomo, usimtapishe, kimbia hospitali. Yakimwagikia jicho au ngozi, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatisha, ndipo uondoke.

Ya pili ni betri ndogo za mviringo kama kitufe, zinazotoka kwenye rimoti, saa na vinyago vilivyovunjwa. Mtoto akimeza na ikakwama kooni, ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeshaunguza koromeo. Hospitali mara moja, hata kama analia na kucheza kama kawaida. Akiwa amevuka mwaka mmoja, ana uwezo wa kumeza na hazijapita saa 12, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, visizidi mara sita. Husaidia kupunguza uharibifu. Usichelewe kwa kuitafuta asali. Ikiwa puani au sikioni pia ni dharura.

Ukikutana na daktari

Kanuni za mwaka 2021 za taka hatarishi na za taka za kielektroniki zinamtaka anayekusanya, kusafirisha au kuchakata vitu hivi awe na kibali, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo linalosimamia. Kama jirani anayeyusha betri ukutani kwako, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata. Mara nyingi mtu huyo naye ana watoto, na huenda hajawahi kuambiwa.

Na siku utakapompeleka mtoto kliniki, mwambie mhudumu maneno machache ambayo hakuna anayekuuliza: baba yake anafanya kazi ya skrepa, au anachaji betri, au anatengeneza rejeta, au tunaishi nyuma ya gereji. Mwambie ni tangu lini. Mwambie kama mtoto anakula udongo, na kama kuna mwingine nyumbani mwenye tumbo lisiloisha. Mwambie na umri wa kila mtoto aliye chini ya miaka sita, hata wale uliowaacha nyumbani, kwa sababu mmoja akikutwa na risasi, wote wanapaswa kupimwa.